Sura ya 6: Ugonjwa Usiosikia Dawa

"Mbona zamani kapsuli mbili za tetra zilitosha, na leo mtu anamaliza dozi nzima na bado anaumwa?"

Swali hili huulizwa na mama mwenye mtoto mgongoni, na mzee aliyewahi kupona kuhara damu akiwa kijana. Huulizwa na muganga mwenyewe pia (huku kwetu daktari na muuguzi wote ni waganga), usiku, akiwa peke yake na mgonjwa asiyepata nafuu. Majibu ya mtaani ni mawili. La kwanza: dawa za siku hizi ni feki. La pili: mwili umeizoea dawa.

Jibu la kwanza lina ukweli wake. Dawa bandia zipo, na zilizoharibika kwa kuanikwa juani kwenye meza ya soko zipo pia. Lakini hata ukileta tetra iliyotoka kiwandani wiki hii, swali linabaki palepale. Jibu la pili ni kosa. Mwili wako haujazoea kitu. Kilichobadilika ni kijidudu kilichomo ndani yake, na hapo Kiswahili cha wazee kiliona mbali kuliko sisi: walisema "ugonjwa huu hausikii dawa". Hawakusema mgonjwa hasikii.

Sura hii inahusu jinsi vijidudu vinavyofika mahali pa kutosikia, na jinsi vinavyoambukizana uziwi huo wenyewe kwa wenyewe. Hilo la pili ndilo watu wengi hawajawahi kuelezwa.

Maneno matatu kwanza

Bakteria ni kiumbe mdogo sana, mwili wake wote ni chumba kimoja. Wengi hawana ubaya wowote. Ndani ya mtu mzima mmoja, hasa kwenye utumbo mpana, wanakadiriwa kufika trilioni 38, na tunaishi nao kwa amani tangu siku za kwanza za maisha. Wachache ndio waletao kipindupindu, kuhara damu, homa ya matumbo, kifua kikuu na kaswende. Malaria haimo katika orodha hiyo. Kimelea wake ni wa ukoo mwingine na ana dawa zake. Surua na mafua hayamo pia, maana hayo ni ya virusi.

Antibiotiki ni dawa inayoua bakteria au kuwazuia wasizaane, bila kumuua mwenye mwili. Penisilini ni antibiotiki. Vivyo hivyo ampisilini (ampi), tetrasaiklini (tetra), kotrimoksazoli ambayo wengi tunaijua kwa majina ya Bactrim na Septrin, na siprofloksasini (sipro). Virusi haviguswi na hata moja kati ya hizi.

Usugu ni hali ya bakteria kutodhurika na antibiotiki iliyokuwa ikiwaua wenzake. Neno lenyewe lina mtego. Sugu ni ile ngozi ngumu kwenye kiganja cha mlimaji: mkono ulikuwa laini, ukashika mpini wa jembe, ukakomaa. Ndiyo maana tunafikiri bakteria naye hupigwa na dawa, huvumilia, kisha hukomaa. Sivyo. Bakteria wa kawaida aliyepigwa na dawa ya kutosha hufa, hapati nafasi ya kukomaa. Anayebaki ni yule aliyekuwa na ugumu wake kabla dawa haijafika.

Shamba lenye batobato

Kila mwenye shamba la mihogo anaijua batobato. Majani yanajikunja, yanapata mabaka ya njano, na mzizi unabaki mwembamba kama kidole. Tuseme una mashina mia, na batobato imeyavamia yote isipokuwa matatu. Msimu ujao utakata pingili wapi? Kwenye yale matatu. Baada ya misimu michache shamba zima ni watoto wa mashina matatu, na mgeni anayepita atasema, "Mihogo ya huyu mtu imeizoea batobato." Lakini hakuna muhogo uliozoea. Tisini na saba ilishindwa, mitatu ikazaa.

Bakteria huzaa kama muhogo: hakuna mume wala mke, kila mmoja anajigawa na kutoa pacha wake. Tofauti ni mwendo. Muhogo unangoja msimu. Bakteria wa kawaida wa utumboni, aitwaye Escherichia coli, akipata chakula na joto hujigawa kila baada ya dakika 20 hivi. Mmoja aliyeanza saa mbili usiku, kama hakuna cha kumzuia, kufika saa kumi alfajiri ana ukoo wa zaidi ya milioni 16. Kila anapojigawa hunakili maelezo ya urithi wake, yaani jeni, na katika kunakili hukosea hapa na pale, kama mwanafunzi anayenakili ubaoni huku akisinzia. Makosa mengi ni hasara au si kitu. Kosa moja katika mamilioni mengi linaweza kuwa bahati.

Bahati hiyo huja kwa sura mbalimbali:

- Bakteria anapata kimeng'enya, yaani kemikali inayofanya kazi kama mkasi, kinachoikata dawa kabla haijamdhuru. Penisilini hushindwa hivyo mara nyingi.
- Anapata pampu inayotupa dawa nje kadiri inavyoingia, kama mvuvi anayechota maji ya mtumbwi kwa kata. Tetra hushindwa hivyo.
- Sehemu ambayo dawa huishika inabadilika umbo kidogo. Ufunguo ni uleule, kitasa ni kingine.
- Milango ya kuingilia inapungua.

Mkasi unaoikata penisilini ulielezwa na Edward Abraham na Ernst Chain wa Oxford mwaka 1940, kabla penisilini haijaanza kutumika hospitalini. Dawa haijatoka nyumbani, na adui yake yuko mlangoni! Hilo halipaswi kutushangaza sana. Penisilini hutengenezwa na kuvu, na antibiotiki nyingine nyingi hutengenezwa na bakteria wa udongoni wakipigania nafasi. Mwaka 2011 watafiti walieleza jeni za usugu walizozikuta kwenye udongo wa Yukon, kaskazini mwa Kanada, ulioganda tangu miaka 30,000 iliyopita. Vita ni vya zamani. Sisi tumeingia juzi tu, tukiwa na silaha tulizoazima.

*Kwa ufupi: dawa haimfundishi bakteria usugu. Inawaondoa wasio nao, na kuwaachia shamba walio nao.*

Siri iliyotoka kwenye kuhara damu

Kama mambo yangeishia hapo, tungekuwa na nafuu kubwa. Kila ukoo wa bakteria ungelazimika kungoja bahati yake wenyewe, na ugonjwa usiosikia dawa nne kwa pamoja ungehitaji bahati nne zifuatane. Ungekuwa jambo la nadra kama mtu kupigwa na radi mara nne.

Japani ndiko hesabu hiyo ilikovunjika. Kuhara damu kulikuwa kunajulikana sana huko. Bakteria wake, Shigella, ana jina la daktari wa Kijapani Kiyoshi Shiga, aliyemgundua mwaka 1897. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia nchi hiyo ilitumia dawa mpya kwa wingi. Mwaka 1955 mgonjwa aliyerudi kutoka Hong Kong alikutwa na Shigella sugu kwa dawa nne kwa mkupuo mmoja. Wakafuata wengine. Madaktari wakaona mambo mawili ya ajabu. Mgonjwa aliyetibiwa kwa dawa moja tu alitoa Shigella asiyesikia dawa kadhaa, zikiwemo ambazo hakuwahi kuzimeza. Tena E. coli wa utumboni mwa mgonjwa huyohuyo, bakteria asiye na hatia, mara nyingi alikuwa sugu kwa dawa zilezile.

Mwaka 1959 watafiti Akiba na Ochiai, kila mmoja na kundi lake, walifanya jaribio ambalo mtoto wa shule angelielewa. Walimchanganya E. coli sugu na Shigella anayesikia dawa, wakawaacha pamoja, kisha wakawatenganisha. Shigella akatoka akiwa sugu. Hakupata bahati yoyote. Alipewa.

Kinachotolewa kinaitwa plasmidi, jina lililobuniwa na Mmarekani Joshua Lederberg mwaka 1952. Ni duara dogo la vinasaba linalokaa kando ya kitabu kikuu cha urithi wa bakteria. Kitabu kikuu kina maelezo ya jinsi ya kuishi. Duara dogo hubeba mbinu za ziada, kama namna ya kukata penisilini au kutupa tetra nje. Plasmidi moja inaweza kubeba mbinu tano, sita au zaidi kwa pamoja.

Mfano unaonitosha mimi ni wa kaa la moto. Kijijini, jiko likizimika, unatuma mtoto kwa jirani na kigae. Jirani anatoa kaa moja. Jiko lake halizimiki, halipungui hata kidogo, na kufika jioni nyumba kumi zinawaka kwa moto wa nyumba moja. Si lazima jirani awe ndugu. Bakteria hupeana usugu hivyo hivyo: anayetoa hubaki nao, anayepokea huutoa kwa mwingine, na ukoo si kikwazo kikubwa. Shigella na E. coli wana undugu wa karibu, lakini plasmidi nyingine huvuka hata kati ya bakteria walioachana zamani sana.

Njia za kuomba moto

Njia kuu ni ya mguso. Bakteria mwenye plasmidi hutoa kimrija chembamba, humvuta jirani karibu, hunakili plasmidi na kumpitishia nakala.

Njia ya pili ni kuokota. Bakteria akifa hupasuka, na vipande vya urithi wake hubaki vikielea. Walio hai wa aina fulani huvimeza na kuvishona kwenye urithi wao. Frederick Griffith aliliona jambo hili London mwaka 1928 kwa bakteria wa homa ya mapafu, kabla hata hajajua alichokiona ni nini. Njia ya tatu hupitia virusi vinavyoshambulia bakteria. Bakteria nao wana maradhi yao! Kirusi kikitoka katika nyumba moja hubeba kwa makosa kipande cha jeni na kukiingiza katika nyumba inayofuata.

Kuna jambo moja zaidi, nami nalitaja kwa sababu linahusu mahindi. Barbara McClintock, akichunguza rangi za punje za mahindi huko Marekani, aligundua jeni zinazohama kutoka mahali hadi mahali ndani ya urithi, akapewa tuzo ya Nobel mwaka 1983. Bakteria wana jeni za namna hiyo pia. Mbinu ya usugu inaweza kuruka kutoka kitabu kikuu hadi kwenye plasmidi, au kutoka plasmidi moja hadi nyingine. Hivyo ndivyo plasmidi zinavyokusanya mbinu nyingi.

Utumbo ni soko

Sasa twende Kiambi. Mji huu uko kwenye Mto Luvua, nchini Kongo, katika mkoa wa Tanganyika ambao makao yake makuu ni Kalemie. Luvua hutoka Ziwa Mweru, hushuka kwa maporomoko hadi Piana Mwanga, palipojengwa bwawa la umeme kwa ajili ya migodi ya bati ya Manono. Kuanzia Kiambi mto hutulia, vyombo hupita, mpaka Ankoro unapoungana na Lualaba. Mji wa namna hii ni mahali pa kukutana: wa juu na wa chini, wa mtumbwi na wa kinga (baiskeli). Mtu huja na samaki, anaondoka na chumvi. Utumbo nao ni soko la namna hiyo kwa bakteria.

Hebu tumtunge mama mmoja, tumwite Mama Ngoy. Mwanawe wa miaka miwili anahara maji. Kituo cha afya kiko mbali na pesa ni chache, kwa hiyo anakwenda kwenye meza ya vidonge sokoni.

"Yaya, mtoto anahara tangu jana."

"Chukua tetra, mama. Moja asubuhi, moja magharibi."

"Nina franka za mbili tu."

"Mbili zinatosha."

Hazitoshi, wala hazihitajiki. Kuhara maji kwa watoto wadogo mara nyingi huletwa na virusi, ambavyo tetra haiwezi kuvigusa. (Tena tetra haifai kwa mtoto wa umri huo: hukaa kwenye meno yanayoota, na kuyaacha na madoa ya njano au kahawia maisha yote.) Tuangalie lakini kinachotokea tumboni. Dawa inaingia, inawakuta bakteria wema wanaosikia, inawaua. Wachache walio sugu wanabaki na nafasi yote na chakula chote. Baada ya siku tatu mtoto anapona, kama ambavyo angepona kwa maji ya chumvi na sukari. Sifa anapewa tetra. Mama Ngoy anamwambia jirani.

Hakuna aliyeumwa zaidi. Hapo ndipo tunapodanganyika, maana mtoto mwenye afya sasa amebeba ghala la makaa ya moto tumboni. Mwezi mmoja baadaye, kwa maji ya kisima au kwa mkono wa mtu, anaingia Shigella anayesikia dawa vizuri tu. Anafika sokoni. Anakutana na E. coli wa pale, mwenye plasmidi. Kimrija kinatoka.

Halafu mtoto anajisaidia nyuma ya nyumba, mvua inanyesha, maji yanashuka mtoni, na mtoni kuna mama mwingine mwenye ndoo. Mtoto wa mama huyo hajawahi kumeza antibiotiki hata moja. Hilo halimkingi na kitu: anaweza kupokea usugu uliotengenezwa katika tumbo la jirani.

Kilo kwa kilo za tetra dhidi ya kipindupindu

Yasiyo ya kutungwa yanasikitisha zaidi. Oktoba 1977 kipindupindu kililipuka tena Tanzania. Mamlaka ziliamua kutumia tetra kwa nguvu zote: kwa wagonjwa, na pia kwa watu wengi wenye afya, kama kinga. Nia ilikuwa njema. Mwanzoni bakteria wa kipindupindu walikuwa wakiisikia tetra. Baada ya miezi mitano ya kuigawa hivyo, asilimia 76 ya bakteria waliopimwa walikuwa sugu. Madaktari waliokuwa Dar es Salaam, akiwemo Fred Mhalu, waliliandika jambo hilo mwaka 1979, na tangu hapo limekuwa somo la dunia nzima. Kugawa antibiotiki kwa umma mzima hakukuzuia kipindupindu, bali kulikipalilia shamba.

Kuhara damu kunatembea Maziwa Makuu

Mwaka 1979 kuhara damu kwa aina kali kuliko zote, Shigella dysenteriae wa aina ya 1, kulianza kaskazini mashariki mwa Zaire (Kongo ya leo). Kutoka hapo kulienea Rwanda, Burundi na Tanzania. Ukifuatilia dawa zilizotumika unaona ngazi inayopandwa daraja kwa daraja. Dawa za zamani, tetra na kloramfenikoli, zilikuwa zimeshindwa mapema. Ampi ikashindwa. Kotrimoksazoli ikachukua nafasi, nayo ikaangushwa na plasmidi mpya. Ikaletwa asidi ya nalidiksiki, dawa ghali na ya akiba; usugu ukaifuata nayo ndani ya miaka michache.

Ikaja Julai 1994. Mamia kwa maelfu ya wakimbizi kutoka Rwanda walivuka kuingia Goma, juu ya mawe ya volkano ambako choo hakichimbiki, na maji ya karibu yalikuwa ya Ziwa Kivu. Kipindupindu kilianza, kuhara damu kukafuata. Watu karibu 50,000 walikufa katika mwezi wa kwanza, wengi mno kwa kuhara. Bakteria wa kipindupindu hawakuisikia tetra wala ndugu yake doksisaiklini. Shigella hakuzisikia dawa nyingi zilizokuwapo.

Nimesikia watu wakiieleza Goma kama hadithi ya dawa zilizoshindwa. Sikubaliani nao. Kipindupindu huua kwa kukausha mwili, na tiba yake ya kwanza ni maji: ya kunywa yenye chumvi na sukari, au ya mshipani kwa aliyezidiwa. Antibiotiki hufupisha ugonjwa kwa walio mahututi, lakini si uti wa mgongo wa tiba. Kilichowaua watu Goma ni kukosa maji safi, choo, na mtu wa kuwanywesha kikombe baada ya kikombe usiku kucha. Usugu ulikuja juu ya hayo, kama mvua juu ya nyumba isiyo na paa.

Maji ya Kalemie, maji ya Kiambi

Kalemie, kwenye ukingo wa Ziwa Tanganyika, ni moja ya miji ambayo kipindupindu hakihami moja kwa moja. Hupungua, hujificha, hurudi. Maji ya ziwa hutokea Kalemie kwa Mto Lukuga na kwenda kumwagika Lualaba, mto uleule unaopokea Luvua ya Kiambi. Wavuvi na wafanyabiashara nao hawatulii. Uchunguzi wa jeni za kipindupindu uliotolewa mwaka 2017 ulionyesha kwamba tangu 1970 ugonjwa huu umeingizwa Afrika angalau mara 11, na kwamba bakteria walioingia miaka ya karibuni wamekuja kutoka Asia na usugu wao tayari. Kaa la moto linaweza kuwashwa Asia, likapikia Kalemie.

Ndiyo maana mimi huhesabu bomba la maji safi kuwa dawa ya usugu. Kila mtoto asiyehara ni dozi isiyomezwa. Kila kinyesi kilichobaki shimoni ni soko lililofungwa.

Homa inayojificha nyuma ya malaria

Kuna bakteria mwingine ambaye Kongo inamjua kwa uchungu: Salmonella anayeingia kwenye damu. Katika nchi nyingi husababisha kuhara kwa siku chache. Huku kwetu humvamia mtoto wa chini ya miaka mitano ambaye malaria na utapiamlo vimemdhoofisha, na kinachoonekana ni homa tu. Mama anasema malaria, jirani anasema malaria, na mara nyingine kipimo cha malaria kinakubali, maana mtoto ana vyote viwili.

Taasisi ya taifa ya utafiti ya Kinshasa, INRB, pamoja na Taasisi ya Tiba ya Tropiki ya Antwerp, Ubelgiji, wamekuwa wakipima damu ya wagonjwa wa namna hii kwa miaka mingi, hasa katika hospitali ya Kisantu. Mwaka 2019 walieleza kundi la Salmonella ambalo halisikii ampi, kloramfenikoli, kotrimoksazoli, seftriaksoni (sindano ambayo hospitali nyingi huiona kama kimbilio), wala asithromisini. Usugu kwa hizo mbili za mwisho ulikuwa umepanda kwenye plasmidi moja. Mguso mmoja, na sindano na kidonge vimepotea pamoja.

Kwa dunia nzima, hesabu iliyotolewa mwaka 2022 ilikadiria kuwa vifo milioni 1.27 vya mwaka 2019 vilitokana moja kwa moja na bakteria sugu. Afrika kusini mwa Sahara ndiyo iliyobeba mzigo mzito kuliko wote kwa kulinganisha na idadi ya watu. Hatukuwa tunakunywa antibiotiki nyingi kuliko wengine. Tulikuwa na maji machafu zaidi, maabara chache zaidi, na dawa ya pili haikuwepo pale ya kwanza iliposhindwa.

Nani alaumiwe?

Mabango mengi ya afya humnyoshea kidole mgonjwa: hakumaliza dozi, alinunua sokoni, alimpa kuku. Nami nimekua nikiona kapsuli ya tetra ikifunguliwa na unga wake kunyunyiziwa kidonda, tena kwa ustadi. Makosa hayo ni ya kweli. Kunywa chini ya dozi kunaweza kuwaacha hai wale nusu sugu, na nusu sugu wa leo ana nafasi ya kuwa sugu kamili kesho.

Lakini tumetia chumvi. Hata dozi iliyomezwa sawasawa, ya dawa iliyoandikwa na muganga, huwapalilia njia bakteria sugu wa utumboni. Ndiyo sababu siku nyingi kuliko zinazohitajika nazo ni hasara. Fuata idadi uliyoandikiwa, usipunguze na usiongeze. Na mama aliyenunua kapsuli mbili kwa sababu alikuwa na franka za mbili hakuutengeneza ugonjwa huu peke yake. Aliyeacha kisima bila mfuniko ameshiriki. Hospitali isiyo na maji ya kunawa kati ya kitanda na kitanda imeshiriki. Serikali isiyoweka maabara hata moja ya kuotesha bakteria kati ya mto na ziwa imeshiriki zaidi, kwa sababu bila maabara muganga anabahatisha, na kila anapobahatisha anachagua dawa nzito zaidi ili asikosee.

Kwa msomaji aliyefika hapa nina ombi dogo. Mtoto akihara maji tu, mpe maji ya chumvi na sukari: lita moja ya maji safi, vijiko vidogo sita vya sukari vilivyosawazishwa, nusu kijiko kidogo cha chumvi; endelea kumnyonyesha na kumlisha. Ukiona damu kwenye choo, au macho yamezama, au hawezi kunywa, pita meza ya vidonge bila kusimama, mpeleke kituo cha afya. Na ukifika mbele ya muganga, mwambie dawa zote alizokwisha kumeza mtoto, hata zile mbili za sokoni, hata kama unaona haya. Beba na karatasi za dawa hizo. Bakteria aliyebaki tumboni amekwisha kupambana na dawa hizo na kushinda, na muganga anahitaji kujua ni ipi asiitumie tena.